UWANJA WA MICHEZO: Mlezi wa Miche Hatajwi Siku ya Mavuno

Mkulima wa kahawa ajua jambo moja ambalo mpenda mpira husahau upesi. Mche hulelewa kitaluni, hutiliwa maji asubuhi na jioni, hufunikwa kivuli, kisha huhamishwa shambani, na miaka kadhaa hupita kabla ya tunda la kwanza kuchumwa. Mpita njia aonapo matawi yameinama kwa uzito wa matunda humsifu mwenye shamba. Yule aliyechagua mbegu na kuilea miche haulizwi jina lake. Katika mpira wa miguu mambo ni yayo hayo. Watu hulijua jina la aliyefunga bao na jina la aliyepokea kombe, lakini mwalimu aliyewafundisha wachezaji hao walipokuwa wangali vijana wa miaka 17 au 18 hukumbukwa na wachache.

Habari za juma hili zamhusu mwalimu wa namna hiyo. Jina lake ni José Pékerman, mtu wa Argentina katika Amerika ya Kusini. Alikuwa mchezaji wa kati, akaumia goti, akaendesha teksi, kisha akakabidhiwa vijana wa taifa zima. Maisha yake yafaa kufikiriwa na kila chama cha mpira, kila shule na kila mzazi, kwa kuwa yamegusa swali lililo zito: je, mlezi wa vijana achaguliwe kwa sifa alizojipatia zamani, au kwa kazi anayojua kuifanya?

Kijana wa nchi ya wakulima

Pékerman alizaliwa tarehe 3 Septemba 1949 katika Villa Domínguez, kijiji cha jimbo la Entre Ríos. Huko ni nchi ya kilimo na mifugo. Mwishoni mwa karne ya 19 Wayahudi wengi waliokimbia mateso katika dola ya Urusi walifika sehemu hizo, wakawekwa katika mashamba kwa mpango wa chama kilichoanzishwa na tajiri mmoja aitwaye Baron Hirsch. Watu waliokuwa mafundi na wachuuzi katika miji yao ya zamani wakajifunza kushika jembe na kuchunga ng'ombe. Babu zake Pékerman walikuwa katika wahamiaji wa namna hiyo, nao walitoka upande wa Ukraine.

Alipokuwa kijana alijiunga na Argentinos Juniors, klabu ya mji mkuu, Buenos Aires. Si klabu tajiri kama Boca Juniors au River Plate, wala uwanja wake si mkubwa. Lakini wenyewe huiita kwa jina la sifa ambalo maana yake ni Kitalu cha Dunia, na jina hilo haikulipata bure. Diego Maradona alianza kucheza hapo katika mwaka 1976, na baada yake wakatoka Fernando Redondo, Juan Pablo Sorín, Juan Román Riquelme na Esteban Cambiasso. Pékerman alitangulia kabla ya hao wote, kwa kuwa alicheza hapo tangu mwaka 1970 hadi 1974, naye alisimama mahali pa kiungo.

Kazi ya kiungo yataka kuelezwa kidogo kwa wasiocheza. Mshambuliaji hutazama mbele lilipo lango la adui. Mlinzi humtazama adui amjiaye. Lakini kiungo husimama katikati, na hana budi kujua yaliyo mbele yake, yaliyo nyuma yake na yaliyo kando, na kuyajua kabla mpira haujamfikia mguuni. Akikawia kufikiri, mpira hunyang'anywa. Akitoa pasi mbaya, timu nzima hukimbia bure. Mchezaji wa mahali hapo huzoea kuwafikiria wenzake kumi kila wakati, na huenda mazoea hayo ndiyo yaliyomfaa Pékerman baadaye, alipokuwa hawezi tena kukimbia.

Kutoka Argentinos alikwenda nchi ya Kolombia, akacheza katika klabu ya Independiente Medellín. Huko ndiko goti lilikomwishia. Alikuwa na umri wa miaka 28 tu, umri ambao kiungo huwa katika nguvu zake zote, na ilimpasa kuacha kucheza.

Goti na teksi

Katika siku zile mchezaji wa kawaida hakuwa na mshahara wa kumtosha maisha yake yote. Mpira ulipokwisha, fedha nazo zilikwisha. Pékerman alirudi Buenos Aires, akatafuta riziki kwa kazi mbalimbali, na mojawapo ilikuwa kuendesha teksi katika mitaa ya mji. Mtu aliyekuwa akishangiliwa siku ya Jumapili sasa aliwachukua abiria waliojali nauli na njia ya mkato, wasijali ni nani aliyeshika usukani.

Wako wengi wanaoifahamu hali hiyo, ijapokuwa hawakucheza mpira kamwe. Seremala aliyekatwa vidole na msumeno aijua. Dereva aliyeharibika macho aijua. Kazi ya mtu ikiondoka, heshima yake huonekana kama imeondoka pamoja nayo, na ni rahisi kukaa kitako na kusimulia habari za jana. Pékerman hakukaa kitako. Mwaka 1981 alianza kuwafundisha vijana wa klabu ya Chacarita Juniors, na mwaka uliofuata akarudi katika klabu yake ya zamani, Argentinos Juniors, akawa mwalimu wa vijana hapo kwa muda wa miaka kumi. Mwaka 1992 alivuka milima ya Andes akaenda Chile, kufundisha vijana wa klabu ya Colo-Colo.

Ikumbukwe kwamba hiyo ni kazi isiyo na makelele. Mwalimu wa timu ya wakubwa huandikwa magazetini kila Jumatatu. Mwalimu wa vijana huamka asubuhi na mapema, huwatazama watoto arobaini au hamsini wakicheza katika uwanja wenye vumbi, naye apaswa kusema ni yupi atakayefaa baada ya miaka mitano na ni yupi arudi nyumbani. Kosa lake halionekani leo, wala haki yake haionekani leo. Muda wa miaka 13 Pékerman aliifanya kazi hiyo, na watu wa nje ya klabu hizo hawakuwa na sababu ya kulijua jina lake.

Uchaguzi uliowashangaza watu

Mwaka 1994 ulikuwa mwaka mbaya kwa mpira wa Argentina. Katika Kombe la Dunia lililochezwa Marekani, Maradona alipimwa akaonekana ametumia dawa iliyokatazwa, akaondolewa mashindanoni, na timu yake ikatolewa na Romania kwa mabao 3 kwa 2. Upande wa vijana haya ilikuwa kubwa zaidi. Katika mashindano ya dunia ya vijana yaliyochezwa Ureno mwaka 1991 timu ya Argentina ilikosa adabu uwanjani, wachezaji wake wakatolewa nje kwa kadi nyekundu, na nchi ikafungiwa. Mashindano yaliyofuata yalipochezwa Australia mwaka 1993, Argentina haikuwapo.

Ndipo Chama cha Mpira cha Argentina, ambacho mwenyekiti wake alikuwa Julio Grondona, kikatafuta mwalimu mpya wa vijana. Watu waliotaka kazi hiyo walitakiwa waeleze mipango yao. Pékerman akapeleka mpango wake, na ndio uliochaguliwa.

Wengi walishangaa, na wengine walinung'unika. Nchi ilikuwa na walimu wenye majina makubwa, waliokwisha kutwaa vikombe. Pékerman hakuwahi kuifundisha hata timu moja ya wakubwa ya daraja la kwanza. Watu wakauliza, ni nani huyu? Swali hilo halikuwa la upuuzi, kwa maana chama kinachotumia fedha za watu hakina budi kuulizwa sababu. Lakini waliouliza walisahau jambo moja. Kazi iliyokuwa ikitafutiwa mtu ilikuwa ya kulea vijana, na katika kazi hiyo Pékerman alikuwa na miaka 13 ya utumishi. Mwenye sifa za ukulima wa ngano hawezi kwa sababu hiyo tu kupewa kitalu cha kahawa.

Pamoja naye walifanya kazi wasaidizi waliokaa naye muda mrefu, miongoni mwao Hugo Tocalli, aliyekuwa mlinda lango zamani, na Gerardo Salorio, mwalimu wa mazoezi ya mwili. Vijana walikusanywa kutoka kila jimbo, wakafundishwa katika viwanja vya taifa vilivyoko Ezeiza, karibu na uwanja wa ndege wa mji mkuu. Walitafutwa wale wanaojua kuutunza mpira na kuutoa kwa akili, hata kama miili yao ni midogo. Na jambo la adabu likatiliwa mkazo sana. Kijana alipaswa kujua kwamba akilivaa vazi la taifa, ugomvi wake si wake peke yake tena.

Qatar, Malaysia na nyumbani

Mashindano ya vijana ya mwaka 1995 yalikuwa yachezwe Nigeria, lakini yakahamishiwa Qatar. Argentina, iliyokuwa imekosekana miaka miwili nyuma, ilifika hata mchezo wa mwisho, ikaishinda Brazil mabao 2 kwa 0. Miongoni mwa vijana hao alikuwa Sorín, yule wa Kitalu cha Dunia.

Miaka miwili baadaye mashindano yalikuwa Malaysia. Yafaa majina ya vijana wa mwaka huo yawekwe akilini, maana yatarudi mwishoni mwa habari hii. Alikuwapo Riquelme, na Pablo Aimar, kiungo mwembamba mwenye miguu myepesi. Alikuwapo Walter Samuel katika ulinzi, na Diego Placente. Alikuwapo Cambiasso, ambaye hata miaka 17 hakuwa ameitimiza. Tena alikuwapo kijana mmoja wa upande wa kulia, mkimbiaji hodari asiyesifiwa sana, jina lake Lionel Scaloni.

Timu hiyo haikupita kwa wepesi. Ilifungwa na Australia mabao 4 kwa 3. Kisha ikaitoa Uingereza 2 kwa 1, na ilipokutana na Brazil ikashinda 2 kwa 0, na moja la mabao hayo alilifunga Scaloni. Ayalandi nayo ikatolewa kwa bao 1 kwa 0. Katika mchezo wa mwisho, tarehe 5 Julai 1997, Uruguay ilitangulia kufunga, lakini Argentina ikarudisha na kuongeza, ikashinda 2 kwa 1.

Mwaka 1999 mashindano yalikuja Afrika, nchini Nigeria, na huko Argentina ilitolewa mapema na Mexico. Lakini mwaka 2001 yalichezwa nyumbani, Argentina. Javier Saviola alifunga mabao 11 katika mashindano hayo, na mchezo wa mwisho ukawa kati ya Argentina na Ghana, ambayo miongoni mwa vijana wake alikuwako Michael Essien. Vijana wa Ghana walikuwa wamecheza kwa sifa hata kufika hapo, lakini siku ile walishindwa 3 kwa 0. Basi, mwendesha teksi wa zamani alikuwa ametwaa kombe la dunia la vijana mara tatu.

Nyuma ya hapo lilitokea jambo moja linaloonyesha tabia ya mtu. Baada ya Kombe la Dunia la 1998 timu ya wakubwa ya Argentina ilikosa mwalimu, na Pékerman akatakiwa aishike. Akakataa. Alibaki kuwa msimamizi wa timu za taifa, na kazi ya wakubwa akapewa Marcelo Bielsa. Wako watu ambao huitumia kazi ya vijana kama ngazi, na ngazi hutupwa mtu akiisha kufika juu. Huyu alionyeshwa dari, akasema bado ana kazi chini.

Siku ya Berlin

Mwaka 2004 Bielsa alijiuzulu, na safari hii Pékerman alikubali. Wengi wa wachezaji aliowachagua kwenda Kombe la Dunia la 2006 huko Ujerumani walikuwa wamepita mikononi mwake: Sorín, aliyekuwa nahodha, na Riquelme, Cambiasso, Aimar, Scaloni, Saviola, na Maxi Rodríguez wa timu ya 2001. Tarehe 16 Juni waliifunga Serbia na Montenegro mabao 6 kwa 0. Moja la mabao hayo, alilolifunga Cambiasso, lilitanguliwa na pasi nyingi mfululizo, mpira ukizunguka mguu kwa mguu, hata waliokuwa wakitazama wakaona matunda ya mafundisho ya miaka mingi.

Katika timu hiyo alikuwamo pia Lionel Messi. Kijana huyu alikuwa amekwenda Hispania akiwa mtoto, na Wahispania walimtamani. Mwezi wa Juni 2004 Tocalli na wenzake walifanya mchezo wa kirafiki wa vijana dhidi ya Paraguay, katika uwanja wa Argentinos Juniors, ili kijana huyo avae vazi la Argentina. Mwaka uliofuata alitwaa kombe la vijana huko Uholanzi chini ya mwalimu Francisco Ferraro. Kisha Pékerman akamwita katika timu ya wakubwa kucheza na Hungaria, na muda mfupi tu baada ya kuingia uwanjani akatolewa kwa kadi nyekundu. Mwalimu mwingine angaliweza kumtupa. Pékerman hakumtupa, akaenda naye Ujerumani.

Lakini tarehe 30 Juni 2006, mjini Berlin, Argentina ilikutana na wenyeji. Roberto Ayala alifunga bao la kwanza. Zikiwa zimebaki dakika chache chini ya ishirini, Pékerman alimtoa Riquelme, aliyekuwa moyo wa timu, akamwingiza Cambiasso ili kulilinda bao. Mlinda lango wake alikuwa ameumia na kubadilishwa, na mshambuliaji naye akabadilishwa, hata nafasi zote tatu zikaisha. Miroslav Klose akasawazisha. Ikawa penalti, na Ujerumani ikashinda 4 kwa 2. Mkwaju wa mwisho uliozuiwa ulikuwa wa Cambiasso, yule mtoto wa Malaysia. Messi alikuwa amekaa benchi mwanzo hadi mwisho.

Pékerman alijiuzulu. Watu wengi walimlaumu kwa ajili ya Riquelme na kwa ajili ya Messi, na lawama hizo hazikukosa msingi. Ni kweli kwamba mtu aliye stadi katika kulea huenda akakosea katika saa ya vita. Habari ya mtu haielezwi kwa haki ikiwa kosa lake limefichwa. Baadaye aliifundisha Kolombia tangu 2012 hadi 2018, nchi ile ile ambako goti lake lilimwishia, akaifikisha katika Kombe la Dunia la 2014 baada ya kukosekana miaka 16, nayo ikafika robo fainali. Akaifundisha Venezuela pia. Lakini kombe la wakubwa hakulipata.

Miaka ya njaa

Hapa msomaji mwenye busara ataweza kuuliza, vikombe vya vijana vina faida gani? Swali ni la haki. Katika mashindano saba ya dunia ya vijana tangu 1995 hadi 2007, Argentina ilitwaa matano. Matatu yalikuwa ya Pékerman, moja la Ferraro na moja la Tocalli. Lakini timu ya wakubwa, iliyokuwa imetwaa Kombe la Amerika ya Kusini mwaka 1993, haikulitwaa tena mpaka 2021. Miaka 28 ilipita, na miche iliyokuwa ikisifiwa ilionekana kama haizai.

Tena baada ya 2007 kitalu chenyewe kiliachwa kikaota magugu. Walimu wa zamani waliondoka, na mpango ule ule haukufuatwa. Timu ya vijana ya Argentina haikufuzu hata kuingia katika mashindano ya dunia ya 2009, wala ya 2013. Jambo hili ni la kuonya. Kazi iliyojengwa kwa miaka 12 yaweza kubomoka kwa miaka miwili, kama walioirithi hawakuelewa kwa nini ilifanywa hivyo.

Mavuno

Mwaka 2017 Aimar, ambaye alikuwa ameacha kucheza kwa kusumbuliwa na maumivu ya mguu, alikabidhiwa vijana wa chini ya miaka 17. Kiungo mwingine, basi, alikuwa ameingia katika njia ya Pékerman. Scaloni naye alikuwa msaidizi katika timu ya wakubwa. Mwaka 2018, baada ya Kombe la Dunia la Urusi kwenda vibaya, wawili hao waliiongoza timu ya vijana katika mashindano ya L'Alcúdia huko Hispania, wakashinda. Kisha Scaloni akapewa timu ya wakubwa kwa muda tu, hadi apatikane mwingine.

Manung'uniko ya 1994 yakasikika tena, neno kwa neno. Scaloni alikuwa na miaka 40, na hakuwahi kuwa mwalimu mkuu wa timu yoyote ya wakubwa. Ni nani huyu? Maradona mwenyewe alimpinga waziwazi. Lakini Scaloni akawaita wenzake: Aimar akawa msaidizi wake, na Samuel akawa msaidizi wake pia, wote wa Malaysia 1997, pamoja na Ayala wa Berlin. Aimar hakuwaacha vijana wake mara moja, kwani mwaka 2019 alitwaa nao ubingwa wa Amerika ya Kusini wa chini ya miaka 17 nchini Peru.

Mwaka 2021 Argentina iliishinda Brazil 1 kwa 0 katika uwanja wa Maracanã, na njaa ya miaka 28 ikaisha. Tarehe 18 Desemba 2022 ilicheza na Ufaransa katika mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia, ikatoka 3 kwa 3, ikashinda kwa penalti 4 kwa 2. Messi, aliyekaa benchi Berlin akiwa na miaka 19, alilipokea kombe akiwa na miaka 35. Na nchi iliyochezewa mashindano hayo ilikuwa Qatar, pale pale ambapo vijana wa kwanza wa Pékerman walishinda mwaka 1995.

Siku hiyo hakuna aliyeliandika jina la Pékerman juu ya kombe. Alikuwa na miaka 73, na kazi yake ilikuwa imefanyika zamani. Lakini katika benchi la walioshinda walikaa vijana wake watatu, nao walikuwa wakiwafanyia wengine yale waliyofanyiwa. Placente naye hakuwa mbali. Alishika timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17 iliyofika nusu fainali ya dunia huko Indonesia mwaka 2023, na mwaka 2025 akaifikisha timu ya chini ya miaka 20 katika mchezo wa mwisho huko Chile. Huko vijana wa Moroko walishinda 2 kwa 0, na Afrika ikafurahi.

La kushika

Habari hii ina mafunzo matatu yaliyo wazi. La kwanza, mtu aliyepoteza kazi moja hakupoteza yote aliyojifunza katika kazi hiyo. Goti la Pékerman lilikufa, lakini macho ya kiungo hayakufa. Kila wilaya ina mchezaji wa zamani anayechechemea, fundi aliyezeeka, na mwalimu aliyestaafu. Watu hao wana mali ambayo haiwekwi benki, nayo hupotea siku wanapozikwa ikiwa hakuna kijana aliyepelekwa kwao.

La pili, wanaochagua mlezi wa vijana na watazame kazi. Jina kubwa huvuta watu uwanjani, na hilo si baya. Lakini mtoto wa miaka 15 hahitaji kuonyeshwa picha za mwalimu wake akiwa kijana. Ahitaji mtu atakayekuja mazoezini kila siku, atakayemwambia kosa lake bila kumdhalilisha, na atakayemkumbusha kwamba adabu huja mbele ya kombe. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na anayemkunja awe ajua kukunja, asije akamvunja.

La tatu ni gumu kuliko yote, nalo ni subira. Tangu Malaysia 1997 hadi Qatar 2022 ilipita miaka 25. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa mtu mzima mwaka huu wa pili. Katika muda huo walikuwako watu waliotaka miche ing'olewe kwa sababu haijazaa. Mkulima hawezi kuufukua mche kila juma atazame kama mizizi imeshika. Huumwagilia maji, huupalilia, na huwaachia watoto wake kuuvuna, ikiwa yeye mwenyewe hatakuwapo.